Methadoni Kampala: mwongozo kamili wa kumfikisha ndugu yako kliniki na kumfanya abaki

Methadoni ni dawa ya kunywa inayotibu uraibu wa unga (heroini), na simu ninazopigiwa na familia kuihusu zinafanana. "Dada, tulimpeleka, akanywa siku tano, akaacha." "Aliambiwa arudi kesho kwa vipimo, kesho yenyewe hatukumwona." "Nauli ilitushinda." Katika simu zote hizo, sijasikia hata mmoja aliyekunywa dozi iliyomtosha, kila siku, kwa miezi mitatu, akasema dawa imemkataa. Watu wanakwamia njiani, na wengi wanakwamia ndani ya wiki mbili za mwanzo.

Kwa hiyo humu sitaeleza unga uliingiaje Uganda wala nani alaumiwe. Nitaeleza njia, hatua kwa hatua, na mahali penye mashimo.

Mimi si daktari. Ni dada mtu niliyemsindikiza mdogo wangu kutoka mtaa wa Kisenyi, Kampala, hadi hospitali ya Butabika, asubuhi baada ya asubuhi, mpaka makondakta wa taksi wakatuzoea. Vipimo vya dawa nitakavyovitaja ni vya kukusaidia kuelewa musawo (mhudumu wa afya) anafanya nini. Usivitumie kujipimia, na usinunue methadoni mtaani kwa mtu yeyote.

## Vitu vya kuandaa kabla ya kutoka nyumbani

Andaa hivi kwanza. Kimoja kikikosekana usiahirishe safari, lakini jua utakisumbukia baadaye.

- Kitambulisho: ndaga muntu (kitambulisho cha taifa), au kadi ya mkimbizi, au barua ya mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji au mtaa. Kama hana chochote, nendeni hivyo hivyo mkaulize.
- Namba mbili za simu: yake, na ya mtu ambaye simu yake haiuzwi wala kuwekwa rehani. Mwenye unga simu yake haikai.
- Dawa zote anazotumia, na pakiti zake: za VVU, za kifua kikuu, za kifafa, za usingizi, hata za kienyeji.
- Daftari dogo na kalamu. Utaona kazi yake katika hatua ya 5.
- Nauli ya siku 14 mfululizo, imetengwa pembeni.
- Mtu wa kulala naye chumba kimoja kwa wiki mbili.

Kuhusu nauli, piga hesabu kabla ya kuahidi. Tuseme unatoa shilingi 3,000 kwenda na 3,000 kurudi. Kwa wiki ni 42,000, kwa mwezi wa siku 30 ni 180,000. Dawa ni ya kunywa kliniki kila siku, Jumapili na Krismasi zikiwemo, na anayeanza hapewi ya kubeba. Familia nyingi zinajiandaa kwa safari moja, kama wanampeleka mtu kung'olewa jino. Hapo ndipo pa kwanza pa kuanguka.

## Hatua ya 1: Hakikisha ugonjwa wake ndio unaotibiwa na methadoni

Methadoni inatibu uraibu wa dawa za jamii ya afyuni: unga (heroini), mofini, pethidini, kodeini, tramadoli. Inakaa mahali pale pale mwilini ambapo unga ulikuwa unakaa, ila inaingia polepole na kutoka polepole. Ndiyo maana kikombe kimoja kinamshikilia mtu mchana na usiku, wakati kete moja ya unga ilimshikilia saa chache tu.

Haitibu bangi, mairungi, kokeini wala waragi. Kijana anayekunywa waragi tangu asubuhi anahitaji msaada, lakini msaada wa aina nyingine. Na hata kwa wa unga, kliniki zenye nafasi chache mara nyingi huanza na wanaojidunga sindano, maana hao wako karibu zaidi na VVU na homa ya ini. Kama wako anavuta tu, usidanganye kwamba anajidunga. Ataombwa aonyeshe mikono.

Epuka pia wanaouza "kusafisha damu". Kabla sijajua lolote, nililipa pesa za kodi ya miezi miwili kwenye kliniki moja ya binafsi. Wakamtundikia dripu, wakamlaza siku nne, akatoka mweupe kama karatasi, na jioni ile ile alikuwa maskani, kijiweni kwa wenzake wa unga. Kumtoa mtu unga mwilini ni kazi ya siku chache. Kumwacha hivyo bila tiba ya kuendelea ni kumweka hatarini, kwa sababu mwili umeshasahau kiwango chake cha zamani, na akirudia kete ile ile inaweza kumuua.

Mafanikio ya hatua hii: unaweza kutaja anatumia nini, kwa njia gani, mara ngapi kwa siku.

## Hatua ya 2: Asubiriwe aseme mwenyewe "twende"

Tiba hii ni ya hiari. Ataulizwa kama amekubali, na ataweka saini yake. Ukimburuta utafika naye, ila kesho hutamburuta tena, na tiba yenyewe iko kesho.

Ongea naye saa ambayo hana arosto (mateso ya mwili unga unapomwishia) na hajalewa, yaani baada ya kete ya asubuhi kutulia. Mweleze mambo matatu bila kupaka rangi: haitamlewesha, atainywa mbele ya musawo kila siku, na si ya mwezi mmoja. Wengi wanadhani wanaenda kupata kitu cha kuacha kila kitu ndani ya wiki, na wakiambiwa mwaka au zaidi wanahisi wametapeliwa. Bora alisikie kwako kwanza.

Akikataa, acha. Mwambie mlango uko wazi, kisha umuulize tena siku ambayo polisi wamemsumbua au jipu la sindano limemuuma. Siku hizo zipo nyingi.

## Hatua ya 3: Pitia kwa waelimishaji rika

Kliniki ya kwanza ya methadoni Uganda ilifunguliwa Septemba 2020 ndani ya Hospitali ya Taifa ya Rufaa ya Butabika, mashariki mwa Kampala. Unaweza kwenda moja kwa moja getini. Lakini mwenye mtu wa kumshika mkono hufika mbali zaidi.

Mtandao wa Uganda Harm Reduction Network, ulioanza 2008, una waelimishaji rika: watu waliopita njia hiyo hiyo ya unga na sasa wanawatafuta wenzao maskani. Wao wanajua ratiba ya wiki hii, siku za kuandikisha wapya, na foleni ikoje. Mambo hayo hubadilika, hasa wafadhili wanapobana mifuko, ndiyo maana hapa sikuandikii saa ya kufunguliwa. Waulize wao.

Kuna sababu nyingine. Mdogo wangu hakunisikiliza mimi niliyemlea. Alimsikiliza jamaa mwenye makovu mikononi kama yake, aliyemwambia, "Bwana, mimi nililala usiku mzima. Unakumbuka usiku mzima?"

## Hatua ya 4: Siku ya tathmini, ukweli mtupu

Atahojiwa, atapimwa mkojo, na atashauriwa kupima VVU, homa ya ini B na C, na kifua kikuu. Mwanamke atapimwa ujauzito. Kupatikana na ugonjwa hakumfukuzi mtu. Kinyume chake, mwenye VVU au mjamzito mara nyingi hupewa kipaumbele.

Kosa la kawaida hapa ni kudanganya kiasi, na uongo huo una pande mbili. Kuna anayepunguza kwa aibu, dada au mama akiwa amekaa pembeni. Na kuna anayeongeza, akidhani atapewa kikombe kikubwa. Wetu aliongeza. Aliwaambia kete kumi na mbili, mimi najua hakuwahi kuwa na pesa za kete kumi na mbili maishani mwake. Musawo hakubishana naye. Alimwanzishia kiwango kile kile salama ambacho angemwanzishia yeyote, na ashukuriwe.

Ushauri wangu: toka nje wakati wa mahojiano, aongee peke yake. Halafu ingia umkabidhi musawo orodha ya dawa nyingine. Usifiche valiamu wala waragi. Hivyo viwili vikichanganyika na methadoni vinazima pumzi.

Kama ana moyo wa kwenda mbio au amewahi kuzimia ghafla, sema pia. Methadoni kwa baadhi ya watu huvuruga mapigo ya moyo, na musawo anaweza kutaka kipimo cha umeme wa moyo kwanza.

Mafanikio ya hatua hii: ametoka na tarehe ya kuanza, na wewe umeiandika kwenye daftari.

## Hatua ya 5: Siku ya kwanza hadi ya kumi na nne

Hapa ndipo wengi wanapoangukia, kwa hiyo soma polepole. Ukiwa na muda wa kusoma sehemu moja tu, soma hii.

Aende akiwa na arosto kidogo. Asiwe ametumia unga kwa saa 8 hadi 12. Apige miayo, atoe kamasi, vinyweleo vimsimame. Musawo anataka kuona hayo kwa macho yake, kwa sababu kumpa methadoni mtu aliyelewa unga ni kumwongezea mzigo juu ya mzigo. Akifika anasinzia, atarudishwa, na ni haki.

Dozi ya kwanza itakuwa ndogo. Kwa kawaida haizidi miligramu 30, na mara nyingi ni 20. Inapimwa kwa pampu, inawekwa kwenye kikombe, inaongezwa maji au juisi. Anakunywa, anasuuza kikombe na kunywa tena, halafu musawo anamuuliza jina lake. Anayejibu amemeza. Anayenyamaza huku shavu limevimba ana mpango mwingine.

Jioni arosto itarudi. Hili ndilo linalowafukuza watu. Saa sita mchana anajisikia mtu, usiku wa manane anatetemeka, na anasema, "Dawa yenu maji matupu." Kisha anatoka.

Basi mwonyeshe hesabu ifuatayo. Chukua daftari, mkae chini. Methadoni hukaa mwilini muda mrefu. Tuseme kwa wepesi kwamba kila baada ya saa 24 nusu yake inabaki:

- Siku ya 1 amekunywa 30. Mwilini: 30.
- Siku ya 2 imebaki 15, ameongeza 30. Mwilini: 45.
- Siku ya 3 imebaki 22 na nusu, ameongeza 30. Mwilini: 52 na nusu.
- Siku ya 4: zaidi ya 56.
- Siku ya 5: zaidi ya 58.

Kikombe ni kile kile, lakini mzigo mwilini umekaribia kuwa maradufu. Kwa hiyo siku ya 5 atajisikia tofauti na siku ya 1 hata asipoongezewa hata tone. Ni kama pipa linalovuja huku unalijazia: maji yanapanda taratibu mpaka yatulie usawa mmoja. (Kwa watu wengine hukaa zaidi ya saa 24, na kwao pipa linajaa kuliko hivi.)

Hesabu hiyo hiyo ndiyo onyo. Anayevuta au kujidunga usiku wa siku ya 3 "kujazia" anaweka unga juu ya 52, na yeye anadhani ni juu ya 30. Vifo vya mwanzo wa tiba hutokea hivyo, tena usingizini, wakati familia inashukuru kwamba leo angalau amelala.

Kazi ya anayelala naye chumbani. Mwangalie saa 2 hadi 4 baada ya kunywa, maana hapo dawa iko kileleni, kisha uamke usiku umwangalie tena. Dalili za hatari ni hizi:

- anakoroma kwa sauti nzito ya kugugumia, sauti usiyoizoea;
- midomo au kucha zimekuwa za kijivu au bluu;
- umemtikisa na kumwita jina, haamki;
- anavuta pumzi chini ya 10 kwa dakika. Hesabu kwa saa ya simu, usikisie.

Ukiona hivyo, mlaze chali, inua kidevu, ziba pua, mpulizie pumzi moja kila sekunde tano. Mwingine atafute gari sasa hivi. Kama kituo kiliwapa naloksoni (dawa ya kumzindua aliyezidiwa na unga au methadoni), mpe, halafu hospitali bado muende: naloksoni huisha nguvu ndani ya saa moja au moja na nusu, na methadoni bado ipo, inaweza kumzamisha tena. Akianza kupumua mwenyewe, mlaze ubavu. Usimnyweshe maziwa, usimwagie maji ya baridi, usimwekee chumvi mdomoni. Asiyeamka hamezi, anapaliwa.

Daftari. Kila siku andika mistari minne: saa aliyokunywa, saa arosto iliporudi, ametumia unga au la, amelala saa ngapi. Mpeleke nalo. Musawo akiona "arosto saa tisa usiku" siku tatu mfululizo, ana cha kushika anapoamua kuongeza. "Hajisikii vizuri" haimsaidii.

Akitumia unga ndani ya wiki hizi, asikose kliniki kesho yake kwa aibu. Aende aseme. Wengi hutumia mara moja moja mwanzoni, na hilo halimaanishi tiba imeshindwa. Akifika amelewa, dozi itacheleweshwa au itapunguzwa siku hiyo. Akae asubiri.

Mafanikio ya hatua hii: siku ya 14 imefika, yuko hai, na hajakosa zaidi ya siku moja. Mengine yatafuata.

## Hatua ya 6: Dozi ipande mpaka imtoshe

Musawo ataongeza kidogo kidogo, akiacha siku kadhaa kila mara ili pipa litulie. Wengi hutulia kati ya miligramu 60 na 120 kwa siku. Dozi imetosha pale anapokaa saa 24 bila arosto, hamu ya unga imelala, na mchana hasinzii.

Hapa familia huharibu. Mama anasikia "80", anaogopa, anamwambia mwanawe aombe ishushwe "usije ukawa mlevi wa hiyo nayo". Mwenye dozi ndogo kuliko haja yake anaarostika usiku, na mwenye arosto anajua pa kwenda. Ingekuwa insulini ya kisukari, mama asingeomba ipunguzwe.

Jasho, kukosa choo na mdomo kukauka ni mambo ya kawaida. Maji mengi, papai, maharage, mswaki mara mbili. Akitapika baada ya kunywa, amwambie musawo papo hapo. Asijijazie nyumbani.

## Hatua ya 7: Dawa zinazogombana na methadoni

Kila anapoandikiwa dawa mahali pengine, aseme, "Niko kwenye methadoni." Sababu ni hizi.

Rifampisini ya kifua kikuu huifanya methadoni itoke mwilini haraka. Mtu aliyetulia kwenye 80 anaanza dawa za TB, na baada ya siku kadhaa anaarostika kama siku ya kwanza. Watu wanasema amerudia unga, kumbe dawa zinagombana. Efavirenzi na nevirapini za VVU hufanya vivyo hivyo, pamoja na baadhi ya dawa za kifafa kama fenitoini na kabamazepini. Dolutegraviri, nayo ya VVU, haina shida hiyo. Dozi ya methadoni inaweza kupandishwa, na ikumbukwe kushushwa TB ikimalizika. Flukonazoli ya fangasi huivuta upande wa pili, inaifanya izidi.

Kwa dada zetu: unga husimamisha hedhi, na tiba ikikaa sawa hedhi hurudi, wakati mwingine mimba ikatangulia. Aulize uzazi wa mpango mapema. Akiwa tayari mjamzito, asiache methadoni ghafla hata mtu amtishe vipi, kwa sababu arosto kali inaweza kutoa mimba. Mtoto anaweza kuzaliwa na arosto yake ndogo, na hospitali hulitibu hilo. Kunyonyesha kwa kawaida kunaruhusiwa.

## Hatua ya 8: Siku ngumu zipangiwe kabla hazijafika

Kukosa dozi. Akikosa siku moja au mbili, arudi haraka. Akikosa siku tatu au zaidi, asidai kikombe chake cha zamani. Mwili umeshalegea, na 80 aliyoizoea sasa ni nyingi. Atapimwa upya na kuanzishwa chini.

Polisi. Katiba ya Uganda, ibara ya 23, inataka aliyekamatwa afikishwe mahakamani ndani ya saa 48. Saa 48 ni vikombe viwili. Kwa hiyo unapopata habari usisubiri "ataachiwa kesho": nenda kituoni na kadi yake ya kliniki, ongea kwa adabu na afisa wa zamu, na wakati huo huo pigia kliniki wajue yuko wapi. Mwambie afisa kwamba ni mgonjwa mwenye dawa ya kila siku. Neno mgonjwa hufungua masikio ambayo neno methadoni huyafunga.

Msiba kijijini. Kabla ya kupanda basi, pitia kliniki. Waliotulia muda mrefu wanaweza kufikiriwa dozi ya kubeba, kwa uamuzi wa musawo. Ikibebwa, ifungiwe na kufuli, kwa sababu kikombe cha mtu mzima kinaua mtoto, na chupa inafanana na ya juisi.

Ramadhani. Kila mwaka kuna wanaoacha "kwa ajili ya saumu" na kuzinduka kwenye Idi wakiwa maskani. Kunywa mchana kunavunja saumu, ndiyo. Basi aulize kliniki mapema kama kuna saa inayomfaa, na aende kwa sheikh wake akiwa na swali la mgonjwa. Ruhusa ya mgonjwa kula na kulipa baadaye iko wazi ndani ya Qurani.

Kusafiri nje. Tanzania ilianza methadoni Muhimbili mwaka 2011, na Kenya inazo kliniki Nairobi na Pwani. Anaweza kuombewa uhamisho kwa barua yenye dozi na tarehe ya mwisho kunywa. Barua hiyo iandaliwe kabla. Ukifika Mombasa bila barua unaanza moja.

## Hatua ya 9: "Ataacha lini?"

Swali hili ni la shangazi, na linaulizwa kila sikukuu. Jibu: si kabla ya mwaka, na wengine miaka mingi. Kushusha kunafanyika kidogo kidogo kwa miezi, kwa ombi lake mwenyewe, akiwa na kazi au shughuli, mahali pa kulala, na marafiki wasio wa maskani. Anayeshusha ili kuwafurahisha wageni wa Krismasi tutakutana naye Januari.

## Hatua ya 10: Kuileta dawa karibu na unapokaa

Hatua hii ni ya waliochoka na nauli, na kusema kweli ndiyo inayonikosesha usingizi. Methadoni inaweza kuanzishwa kliniki kubwa na kunywewa kituo kidogo cha karibu. Daktari anapanga dozi, na muuguzi aliyefunzwa anapima na kumwona mtu akimeza. Kinachohitajika kituoni kinahesabika: kabati la chuma lenye kufuli, rejista ya dawa zinazodhibitiwa, pampu ya kupimia, muuguzi wa kila siku hadi Jumapili, naloksoni, na njia ya kumpigia daktari.

Atakayekuambia haiwezekani Uganda, mkumbushe mofini, dawa ya maumivu makali. Hospice Africa Uganda, shirika linalohudumia wagonjwa mahututi, ilianza 1993, na mofini ya maji imekuwa ikiwafikia wagonjwa wa saratani hadi vijijini, majumbani kwao. Tangu 2004 wauguzi waliofunzwa tiba shufaa (ya kupunguza mateso ya mgonjwa) wanaruhusiwa na sheria kuiandika wenyewe, bila kusubiri daktari. Dawa hiyo ni ya ukoo huo huo wa afyuni. Nchi hii inajua kuifungia, kuihesabu na kuigawa. Ilijifunza muda mrefu kabla mdogo wangu hajaona kete.

Fanya hivi:

1. Hesabuni watu wa eneo lenu mkiwa na waelimishaji rika. Majina yasiandikwe. Andikeni idadi, umri, wanaume kwa wanawake, wangapi wanajidunga.
2. Kwa kila aliye kwenye tiba, andikeni anatumia saa ngapi na shilingi ngapi kwa siku. Kwa walioacha, andikeni waliacha wiki ya ngapi na kwa nini.
3. Chagueni kituo kimoja cha afya, ngazi ya III au IV, ambacho mkuu wake hajawafukuza. Ombeni kikao naye kwanza, asije akasikia kwa wakubwa.
4. Andikeni barua ya ukurasa mmoja kwa afisa wa afya wa wilaya. Kwa Kampala ni idara ya afya ya KCCA, mamlaka ya jiji. Ombeni jambo moja tu: kituo hicho kifikiriwe kuwa mahali pa kunywea, chini ya kliniki kubwa. Ukiomba kliniki, gari, chakula na ajira kwenye barua moja, hupati hata kimoja.
5. Mwenyekiti wa LC1 aweke saini. Akikataa kwa kuwa "mtatuletea walevi", mpelekeeni mama wa mtu aliyepona, msimpelekee takwimu.

Barua ichapwe nakala mbili. Ya kwanza inabaki ofisini. Ya pili igongwe muhuri wa kupokelewa, na tarehe, mbele ya macho yako, kisha itunze kwenye mfuko wa plastiki pamoja na kadi ya kliniki. Wiki mbili baadaye utarudi kuulizia, utaambiwa barua haijaonekana, na wewe utaitoa mfukoni.